Filamu ya Kitanzania Ilizaliwa Kariakoo

Historia ya filamu nchini Tanzania husimuliwa mara nyingi kama historia ya kamera: nani aliileta ya kwanza, ofisi gani ilipewa mashine na mfadhili gani, kijana yupi alipelekwa ng'ambo kusomea upigaji picha. Kwa hesabu ya namna hiyo, nchi hii ilitakiwa iwe na tasnia imara ya filamu tangu enzi za babu zetu. Kamera zilishafika milima ya Usambara mwaka 1935. Baada ya uhuru serikali ilikuwa na kitengo chake cha filamu, mwaka 1968 ikaunda kampuni ya umma ya filamu, na miaka ya 1970 ikapata taasisi ya picha na sauti kwa msaada wa Denmark. Pamoja na yote hayo, filamu ndefu za hadithi zilizotengenezwa katika robo karne ya kwanza ya uhuru zinahesabika kwa vidole. Kisha, miaka ya 2000, vijana wasio na shule ya filamu wala ruzuku ya mtu yeyote wakayajaza maduka ya Kariakoo kwa filamu za Kiswahili, mpya zikitoka kila mara. Vipaji vilikuwepo zamani, na vifaa vya miaka ya 2000 vilikuwa duni kuliko vile vya serikali. Kilichobadilika ni fedha: kwa mara ya kwanza shilingi ya mtazamaji ilipata njia ya kumrudia aliyetengeneza picha, naye akaweza kutengeneza nyingine.

Tuanzie Usambara. Mradi ulioletwa kule uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake yakiwa Vugiri. Uliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, fedha nyingi zikitoka Carnegie Corporation ya Marekani. Kati ya 1935 na 1937 Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, zikihusu safura, malaria kwa watoto, kulipa kodi, kuweka akiba posta na hata hadithi ya sungura na chui. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, ili filamu moja iweze kusemeshwa lugha tofauti huko ilikokwenda. Mitambo ilipakiwa kwenye lori, ikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa Waafrika, na baadhi ya vijana wa Kiafrika walifundishwa kazi za kiufundi papo hapo Vugiri. Kwa ufundi, ule haukuwa mradi wa kubeza. Lakini mtazamaji hakuulizwa anataka kuona nini. Aliletewa kile ambacho wengine walikwisha kuamua kuwa kinamfaa. Fedha za mfadhili zilipokwisha na serikali za makoloni zikakataa kuubeba mzigo, kila kitu kilisimama. Hapakuwa na mteja ambaye angeweza kuuokoa.

Wapo watakaosema naruka jambo, kwamba filamu za kweli za Kiswahili zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hapo ndipo tasnia ilipozaliwa. Hoja hii ina uzito. Wakati huo serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, na mojawapo ni Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayeingia mjini na kuangukia mikononi mwa wajanja. Mhusika mkuu aliigizwa na mtumishi kijana wa idara ya maendeleo ya jamii aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, ni yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, na sidhani kama ziko nchi nyingi ambazo nyota wao wa kwanza wa filamu alifika huko. Filamu zile zilithibitisha jambo muhimu, kwamba mtu wa Tanganyika alifurahi kumwona mtu wa aina yake kwenye pazia, akisema lugha yake, katika kisa kinachochekesha na si hotuba kuhusu choo cha shimo. Ila kamera, fedha na mkataba vilikuwa vya watu wengine. Mkataba ulipokwisha, waliokuja na mitambo waliondoka nayo, na hapa nyumbani haikubaki kampuni hata moja ya kuendeleza kazi. Filamu iliyopigwa nchini ni kitu kimoja, na tasnia ya nchi ni kitu kingine.

Huenda mtu akadhani hali ilikuwa hivyo kwa sababu watu wenyewe hawakuwa na desturi ya kulipia sinema. Ukweli ni kinyume kabisa. Ukanda wa pwani ulishikwa na mapenzi ya sinema mapema mno. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921. Dar es Salaam ilikuja kuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo na New Chox, na mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-in, ambako familia zilikaa ndani ya gari au kwenye mikeka zikitazama picha chini ya nyota. Majumba yalijaa watu waliokariri nyimbo za Kihindi bila kujua neno la Kihindi. Awara ya Raj Kapoor na Mother India ziliwaliza wanawake wa Kiswahili, Kigoa, Kihindi na Kiarabu katika ukumbi mmoja. Miaka ya 1970 vijana walihamia kwa Bruce Lee na wachunga ng'ombe wa sinema za Kiitaliano. Tiketi za picha kali zililanguliwa mlangoni. Kwa hiyo sokoni palikuwa na mnunuzi mwenye fedha mkononi, aliyezoea kulipa kwa hiari, kwa miongo kadhaa. Fedha zake zilikuwa zikijenga tasnia za Bombay, Hong Kong, Roma na Hollywood.

Bombay yenyewe ilianza hivyo hivyo, kwa mtu mmoja na mlango wa ukumbi. Mwaka 1913 D. G. Phalke alionyesha Raja Harishchandra baada ya kuweka rehani hata bima yake ya maisha, mkewe Saraswatibai akimsaidia kutoboa kingo za mikanda mbichi nyumbani usiku. Watu walilipa, na kwa malipo hayo Phalke akaweza kupiga filamu nyingine, kisha nyingine. Serikali ya Kiingereza haikumpa senti. Simtaji Phalke kusema kwamba serikali haina kazi katika filamu. Namtaja kwa sababu mzunguko wake ni mfupi na unaonekana kwa macho: ukumbi, mlango, mfuko wa mtengenezaji, kamera, ukumbi tena.

Tanzania Film Company, iliyojulikana zaidi kama TFC, ilipoundwa mwaka 1968, ingeweza kuufunga mzunguko huo kwa mkupuo. Ilipewa kazi ya kuagiza filamu kutoka nje, kuzisambaza, na kutengeneza za hapa. Ukiitazama kwenye karatasi, huwezi kuubuni mpango ulio bora zaidi: chombo kimoja kinakusanya mapato ya Bruce Lee na kuyageuza kuwa filamu ya Kiswahili. Tatizo ni kwamba mifuko hiyo miwili haikuunganishwa. Hapakuwa na utaratibu uliolazimisha sehemu ya kila tiketi itengwe kwa ajili ya filamu ijayo, na majumba ya sinema yalionekana zaidi kama chanzo cha kodi. Filamu za hadithi zikawa zinasubiri bajeti na uamuzi wa ofisi, na ofisi ilitaka filamu zinazosema sera. Fimbo ya Mnyonge, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970, ilieleza faida za kijiji cha ujamaa. Silaumu lengo hilo. Taifa changa lilikuwa na haki ya kujieleza kwa picha. Lakini filamu isiyotegemea mlango wa ukumbi haijui kama imependwa, na kampuni isiyojua kama kazi yake imependwa haina sababu ya kuharakisha inayofuata.

Utetezi wa kawaida wa TFC ni uchumi. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikakausha hazina, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mikanda mbichi ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na filamu ya rangi ilibidi isafirishwe nje ikasafishwe. Nani angethubutu kuomba dola za filamu wakati hospitali hazina dawa? Hayo yote ni kweli, na yanaeleza sehemu kubwa ya ukimya wa miaka ile. Hayaelezi yote. Itazame Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, isiyo na bahari na iliyokuwa maskini kuliko Tanzania kwa karibu kila kipimo. Mwaka 1970 nayo ilitaifisha majumba ya sinema, kama wengine. Tofauti ni kwamba ilitenga sehemu ya mapato ya tiketi iwe mfuko wa kutengenezea filamu. Mfuko ulikuwa mdogo na ulijaa polepole, lakini ulikuwa wa filamu tu. Mwaka 1982 Gaston Kaboré akatoa Wend Kuuni, na mwaka 1990 Idrissa Ouédraogo akachukua Tuzo Kuu ya Majaji huko Cannes kwa filamu yake Tilaï. Ouagadougou haikuwa na dola nyingi kuliko Dar es Salaam. Ilikuwa na kanuni moja ya uhasibu ambayo Dar es Salaam haikuwa nayo.

Filamu nzuri zilitoka Tanzania katika kipindi hicho, na ni dhuluma kuzipita kimya. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, inamfuata mwanamke anayeogopa waganga wa jadi hadi anapofika kwao kutafuta uponyaji. Ni dakika 36 tu, na bado ina uzito kuliko filamu nyingi za saa mbili. Mwaka uliofuata ilikuja Mama Tumaini, kwa ushirikiano na Wanorwe, ambayo Martin Mhando alikuwa mmoja wa waongozaji wake. Mhando na Mulvihill ndio baadaye walioleta Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar. Zote hizi zilisimama kwa fedha au vifaa vya washirika wa nje, na zilipata sifa zaidi kwenye matamasha ya mbali kuliko Manzese. Mwongozaji alipomaliza moja ilimbidi aanze upya kutafuta mshirika, na miaka ilipita kati ya filamu na filamu.

Mabadiliko hayakuanzia kwa wasanii. Yalianzia kwa mashine ya video. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, deki na kaseti ziliingia kwa wingi, majumba ya sinema yakaanza kupoteza watu, na Tanzania Bara ikapata televisheni yake ya kwanza mwaka 1994. Mitaani vikazuka vibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja iliyofungwa juu ukutani, kiingilio cha sarafu chache na joto la kutosha kukausha dagaa. Humo ndimo mtu kama Lufufu alipopata umaarufu wake. Alichukua picha ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani, akapunguza sauti yake na kuweka ya kwake, akizungumza kwa niaba ya kila mhusika, akieleza kinachoendelea, akimtania jambazi, akimwonya msichana asimwamini mchumba. Kaseti zake zilinunuliwa kwa jina lake, na mara nyingi mnunuzi hakumkumbuka kabisa mwigizaji wa asili. Haki za wenye filamu hazikuulizwa, hilo lisifichwe. Lakini kwa kazi hiyo soko lilitangaza jambo lililokuwa wazi tangu Muhogo Mchungu: mtazamaji wa Kiswahili yuko tayari kulipa ziada ili hadithi isemwe kwa lugha yake.

Kisha zikaja filamu za Nigeria. Kule nako tasnia haikuasisiwa na chuo wala wizara. Living in Bondage ya mwaka 1992, inayohesabiwa kuwa chanzo cha wimbi lote, ilitolewa na Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa kaseti. Zilipofika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, funzo lake lilieleweka haraka: video ya kawaida, nyumba ya kuazima, wiki chache za kazi, kisha moja kwa moja dukani. Watangulizi walikwishakuwepo, kama Shamba Kubwa ya mwaka 1995, na mwaka 2003 Girlfriend ya George Tyson ikayatia moto mambo kwa kuwaingiza wanamuziki wa kizazi kipya kwenye filamu. Vikundi vya maigizo ya televisheni, hasa Kaole kupitia ITV, vilikuwa vimekwisha kuwazoesha watu sura za Steven Kanumba, Ray na Johari. Wasanii hao wakageuza umaarufu wa bure wa televisheni kuwa bidhaa yenye bei.

Hapa ndipo Kariakoo inapoingia. Msambazaji alikuwa na duka, mtaji na mtandao wa wauzaji wa jumla. Alinunua filamu, akachapa kava lenye sura kubwa za wasanii, akarudufu VCD kwa maelfu, na maboksi yakapakiwa kwenye mabasi ya mikoani kwenda Mwanza, Mbeya, Kigoma. Machinga aliubeba mzigo hadi mlangoni kwa mteja. Filamu moja ilikatwa Sehemu ya Kwanza na ya Pili ili iuzwe mara mbili, ujanja uliowaudhi wengi na kulipia gharama za wengi. Mzigo haukuishia mpakani; ulivuka kwenda Burundi, Rwanda, mashariki ya Kongo na Kenya, kokote ambako Kiswahili kilisikika. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika Leaders Club na Kinondoni kumzika ulikuwa wa aina ambayo kwa kawaida Watanzania waliiweka kwa viongozi wa taifa. Watu hao walikuwa wamemfahamu kwa kununua kazi zake.

Ninajua pingamizi linalofuata, na hutolewa kwa ukali zaidi na wasomi: hizo ni filamu gani? Sauti inakwaruza, gari linaonyeshwa likiegeshwa kwa dakika mbili, kila tajiri anaishi Mbezi na kila mwanakijiji ni mchawi, na jina la filamu ni la Kiingereza wakati maneno yake ni ya Kiswahili. Ukosoaji huo ni wa haki, na mtu anayezipenda filamu hizi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuutoa. Lakini tujiulize ubovu ulitoka wapi. Msambazaji kwa kawaida alinunua filamu kwa donge moja, haki zote, na baada ya hapo ikiuzwa nakala elfu mbili au elfu mia, mtayarishaji hakuongezewa kitu. Mtu anayelipwa kiasi kile kile kwa kazi nzuri na kazi mbovu atatumia siku chache iwezekanavyo. Njia ya fedha ilikuwa imefunguka, ila ilifunguka nusu: ilifika kwa mwenye duka na kumdondoshea mtengenezaji kiasi cha kuanza nyingine, kamwe si cha kuanza iliyo bora. Ubovu huo hauipingi hoja yangu, unaithibitisha, kwa sababu ubora ulikwama pale pale ambapo hesabu ilikwama.

Wizi wa kazi ulimaliza kilichobaki. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, na mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye filamu na muziki, lakini nakala za bandia ziliendelea kupangwa barazani pembeni ya nakala halali, na simu janja ilipoenea, VCD ikafa yenyewe. Leo filamu za Kitanzania zinakwenda kwenye chaneli za kulipia, mtandaoni na, kwa wachache, kwenye majukwaa ya kimataifa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, imeonyesha kuwa picha ya kiwango cha juu inaweza kupigwa Unguja na watu wa hapa. Serikali nayo inatoa mikopo kupitia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Mikopo ni jambo jema, ila inatibu upande ule ule uliotibiwa tangu Vugiri: inamsaidia mtu kutengeneza filamu, haimhakikishii kwamba itakapotazamwa atalipwa kwa kadiri ilivyotazamwa. Sekta hii inahitaji kanuni mbili kabla ya kamera nyingine mpya. Ya kwanza, kila chaneli na kila msambazaji alazimike kwa mkataba kumpa mwenye filamu idadi ya watazamaji au mauzo, na malipo yafuate idadi hiyo. Ya pili, sehemu ya makusanyo yanayotokana na filamu za kigeni, ukumbini na kwenye visimbuzi, itengwe kwa filamu za hapa, kama Upper Volta ilivyofanya mwaka 1970 ikiwa na uchumi mdogo kuliko wetu.